Karani Hakumuuma Mtu

Uliiona. Usijitie hamnazo. Ile picha ya mbwa mwenye sikio moja jeupe ilikufikia kabla hujamaliza chai. Ukaitazama kwa muda wa kupenga kamasi, ukasema dunia imeharibika, ukaituma kwa watu thelathini, kisha ukageuza uso ukaendelea na shughuli zako. Hukuuliza mbwa ni wa nani. Hukuuliza nani kaipiga. Kidole kilifanya kazi, macho yakalala.

Na usiniambie ni mara ya kwanza. Nakumbuka picha ya yule muuza ndoo mliyemwita mwizi wa watoto, mkaisambaza mpaka akahama mji na ndoo zake. Ilipokuja kujulikana kwamba picha ile ilipigwa kwenye harusi ya kaka yake na kukatwa katikati, hakuna hata mmoja wenu aliyemfuata alikohamia kumwambia pole.

Haya. Wakati wewe unageuza uso, Mama Vifungo alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mlango wa chumba chake cha kushonea. Hapo ndipo simulizi ya wiki iliyopita ilipomwacha. Nje watu zaidi ya arobaini, wawili wana kamba, mmoja ana chuma cha dirisha. Ndani, Karani kajikunyata chini ya meza ya kukatia nguo. Na komeo la mlango, lililoshikwa na misumari miwili, msumari mmoja ulikuwa umeshachomoka.

Wa pili ukachomoka.

Mlango ukamsukuma Mama Vifungo mpaka kwenye cherehani. Lakini hakuingia mwenye kamba. Aliingia mwenyekiti wa mtaa peke yake, kofia mkononi, shingo imeloa jasho, akaufunga mlango nyuma yake kwa kisigino.

"Mama," alisema, "nitolee huyo mbwa kwa amani. Wakiingia wao, hata cherehani hutaiona."

Mama Vifungo alimuuliza nani alimwona Karani akiuma mtu.

Mwenyekiti akatoa simu. Picha ilikuwa pale, na juu yake maneno mekundu: TAHADHARI. MBWA HUYU ANA KICHAA. AMEMUUMA MTOTO WA MIAKA SITA ASUBUHI HII NYUMA YA GHALA LA SARUJI. UKIMWONA USIMWACHE. Chini hapakuwa na jina la mtu.

"Nimeuliza nani alimwona. Sijaomba kuonyeshwa simu."

"Mtaa mzima umemwona. Hapa."

Mtoto alikuwa ameumwa kweli, hilo lisikupite. Binti wa mama mfua nguo, yule anayepita nyumba kwa nyumba na beseni kichwani. Kidonda kilikuwa kwenye paja, na muda ule ule mama yake alikuwa kwenye foleni ya hospitali, mtoto mgongoni, anasubiri sindano ya kichaa cha mbwa. Mama Vifungo alilijua hilo, na ndilo lililomzuia kupiga kelele. Angekuwa anatukanwa bure angejibu. Lakini mtoto alikuwa na alama za meno ya mbwa mwilini.

Kama umeanza kusoma leo, jua hivi. Mama Vifungo hushona sare, za shule, za wauguzi, za walinzi. Jina alilipata kwa sababu hakuna nguo inayotoka mikononi mwake kabla hajavuta kila kifungo mara tatu kwa nguvu zake zote. Na Karani ni mbwa wake, aliyeitwa hivyo kwa tabia yake ya kukaa mlangoni na kumtazama kila mteja juu mpaka chini kama mtu wa ofisini atakayekwambia faili lako halionekani, njoo kesho.

Wana desturi yao, hawa wawili. Kikija kitambaa kipya, kabla mkasi haujagusa nguo ya mtu, Mama Vifungo hukata kipande, hukifua, halafu humshonea Karani kizibao. Karani hukivaa siku nzima. Hulala nacho vumbini, hujikunia ukutani, hugombana nacho. Kikitoka bila kuchanika na bila kuchuja rangi, kitambaa kimefaulu. Humpandisha mbwa juu ya kigoda cha kupimia wateja, humpiga picha, humtumia mwenye kitambaa na maneno mawili tu: Karani kapitisha. Wateja walikuwa wakiisubiri picha hiyo kuliko nguo yenyewe.

Kwa hiyo picha za Karani zilikuwa nyingi, kila moja na mtu wake. Na mojawapo, mtu aliitoa ilikokuwa na kuipeleka isikotakiwa.

Mama Vifungo aliikumbuka kadi. Akavuta droo ya cherehani, akapekua bobini na chaki na sindano zilizokatika, akaitoa. Kadi ya chanjo. Muhuri wa miezi miwili iliyopita, saini ya bwana mifugo.

Mwenyekiti aliisoma akaigeuza, akaisoma tena. Akampigia bwana mifugo palepale, na bwana mifugo akasema mbwa huyo anamjua, alimchoma yeye mwenyewe na akatiwa uchafu kwenye suruali kwa shukrani. Hana haja ya kuuawa. Afungwe ndani siku kumi, atazamwe, basi.

Mwenyekiti akafungua mlango, akaisoma kadi kwa sauti. Watu walinung'unika, wakaizungusha kadi mkono kwa mkono, kisha wakatawanyika kama waliofika uwanjani wakakuta mechi imeahirishwa. Mwenye chuma cha dirisha alimwomba Mama Vifungo maji ya kunywa. Akampa.

Halafu mwenyekiti akafanya jambo la wema. Shika hapo. Alimpigia mama wa mtoto.

"Mama, poa moyo," alisema, na Mama Vifungo alikuwa karibu kiasi cha kusikia watoto wa watu wakilia kule kwenye foleni. "Mbwa amepatikana. Kadi yake nimeishika. Ana chanjo zote. Mwanao hana tatizo."

Mama Vifungo alisikia, akamshukuru Mungu. Karani alikuwa amepona. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi.

Lakini hakutulia. Alikaa kwenye cherehani, akaunga mkono wa shati la muuguzi upande usio wake. Akaufumua. Akauunga tena palepale. Akainuka kunywa maji, akarudi na kikombe kitupu. Kila alipokigusa kiti, simu ilimvuta, akaifungua, akaitazama picha, akaizima.

Mdogo wake wa kike alikuwa pale pembeni, anashona matundu ya vifungo kwa mkono. Alikuja asubuhi mbio mbio, kilemba kimelegea, hata kabla picha haijafika kwa wengi, na tangu hapo hakuwa amesema neno linalofaa kukumbukwa. Mama Vifungo alidhani ni hofu. Aliona vizuri kuwa na ndugu.

Jirani yake, fundi viatu anayefanyia kazi ng'ambo ya njia, akavuka na kiatu kimoja mkononi kama kawaida yake. Huyu bwana huja kwa Mama Vifungo mara nne kwa siku kuomba uzi, na uzi anao.

"Jirani, wewe una bahati na hujui," alisema. "Huyo kwenye picha si Karani."

Mama Vifungo akamwambia aache utani leo.

"Nataniaje? Mimi kazi yangu ni kushoto na kulia. Nikikosea hapo mtu anarudi kwangu anachechemea na matusi. Haya, Karani, njoo baba." Karani akatoa kichwa chini ya meza. "Sikio jeupe liko wapi? Kushoto. Sasa tazama picha. Liko kulia. Mtaa mzima umekuja na kamba, na hakuna hata mmoja aliyehesabu masikio."

Hakuna hata mmoja. Wewe je?

Mama Vifungo akamtazama mbwa, akatazama picha. Sikio kweli lilikuwa upande mwingine. Kwa mtu mwingine mambo yangeishia hapo, mbwa ni mwingine, hodi hodi kwaheri. Lakini mbwa wa kwenye picha alikuwa amevaa kizibao. Rangi ilikuwa imefifishwa mpaka ikawa kama majivu, mtu asingejua ni ya nini. Ila mshono ulikuwa wake. Mtu hasahau mshono wake kama asivyosahau kikohozi cha mamake.

Akaikuza picha kwa vidole viwili. Vifungo vitatu. Akakunja uso.

"Hii imefungwa kike," alisema.

Fundi viatu hakuelewa. Akamweleza haraka haraka, macho bado kwenye simu. Shati la mwanamume, vifungo hukaa upande wa kulia wa mvaaji, matundu kushoto. La mwanamke ni kinyume. Yeye vizibao vya Karani hushona kiume, siku zote, maana Karani ni dume, na mkono wake haujui kukosea hapo hata akishona amesinzia. Na hiki cha kwenye picha kimefungwa kike.

"Basi si wewe uliyekishona."

"Ni mimi."

Akainuka. Kwenye kona kulikuwa na kioo kirefu cha kupimia, kimepasuka chini. Akaisimamisha simu mbele ya kioo, akatazama ndani yake.

Ndani ya kioo sikio jeupe lilihama likaenda kushoto. Vifungo vikarudi kulia. Na pale, juu ya kigoda chake cha mguu uliofungwa waya, alikaa Karani, kichwa kimeinama kidogo, anasubiri kuambiwa kapitisha.

"Wameigeuza," alisema fundi viatu, polepole. "Mtu kaigeuza kushoto kulia."

Mama ambaye mwanawe anavuja damu hakai chini kugeuza picha, na mpita njia mwenye hofu hafifishi rangi. Hii ni kazi ya mtu aliyekaa, akafikiri, akajificha. Na kitambaa, sasa alipokitazama kwa akili iliyotulia, alikijua kwa ile mistari yake ya mshazari: kitambaa kizito, kilichomkatia sindano tatu. Sare za walinzi. Kizibao kile kiliishi siku moja tu, siku ya pili Karani akakitafuna. Kilipigwa picha moja. Picha ile ilitumwa kwa mtu mmoja.

Mama Vifungo hakumtaja. Aligeuka kumtazama mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa bado anashona. Alikuwa anatoboa tundu la kifungo mahali pasipo na alama, na uzi ulikuwa umekwisha kwenye sindano.

"Dada," alisema bila kuinua kichwa, "mbwa si amepona? Liache."

Fundi viatu akakumbuka kwamba ana kiatu cha mtu, akatoka.

Sasa aliyetumiwa picha ni nani? Ni mume wa huyu mdogo mtu. Mkuu wa walinzi pale kwenye ghala la saruji. Shemeji aliyemletea Mama Vifungo kazi ya sare mwaka huu wakati kazi zilikuwa zimekauka, shemeji anayembeba Karani mabegani kama ndama kila akija, na kumwuliza: "Mkubwa, kazi zinaendaje ofisini?"

Hawakumtafuta. Alikuja mwenyewe, saa saba na robo, amevaa sare ile ile, kumchukua mkewe. Alipiga hodi, akaingia akicheka, akasema amesikia mambo yameisha salama, alhamdulillahi, mtaa huu una watu wapuuzi. Kisha akaiona simu imesimamishwa mbele ya kioo. Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Kaa, shemeji," alisema Mama Vifungo.

Akakaa kwenye kigoda cha kupimia, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Aliyatoa yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Alfajiri alifungua geti lori la saruji liingie. Hakuhakikisha mnyororo. Mbwa wa ghala, dume kubwa la kahawia, likamponyoka kati ya miguu, na mtoto alikuwa anapita na chupa ya maji. Mwenye ghala akaja, akamtazama, akamwambia maneno mawili: mbwa wetu hakutoka leo. Tengeneza. Yeye akaingia kwenye simu kutafuta picha ya mbwa wa kumsingizia, akakuta mmoja tu.

"Lakini niliigeuza, shemeji. Wallahi niliigeuza na rangi nikaitoa. Karani sikio lake ni kushoto, nikaliweka kulia. Nilitaka wamtafute mbwa asiyekuwepo mpaka wachoke. Sikujua watakuja hapa."

Shemeji alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililouma. Alikuwa amemtengenezea Karani pazia kwa sikio moja, akiamini watu hutazama. Hakujua watu. Hakukujua wewe.

"Na dume lenu liko wapi sasa?"

"Halijarudi."

"Lina chanjo?"

Shemeji akaivua kofia, akaitazama ndani kama jibu limeandikwa humo. Akasema siku mbili hizi lilikuwa halinywi maji. Lilikuwa linauma mnyororo wake lenyewe, udenda unatiririka. Alimwambia mwenye ghala. Akaambiwa asubiri mwisho wa mwezi.

Mama Vifungo akaisikia tena kichwani sauti ya mwenyekiti, tamu, ya wema: Ana chanjo zote. Mwanao hana tatizo.

Kadi yake. Kadi ya Karani, aliyoitoa yeye kwenye droo kwa mkono wake, ndiyo iliyomtoa mtoto kwenye foleni ya sindano.

Aliikwapua simu. Mdogo wake akamwahi, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama usoni.

"Dada, sikiliza. Karani amepona. Hakuna anayekudai kitu. Ukilitamka hili, leo leo mume wangu yuko mahabusu na mimi nina watoto watatu kwenye chumba tulichopewa kwa kazi yake, cha mwenye ghala. Mtoto yule pengine hana hata kitu. Kidonda kidogo, wanasema."

"Pengine," alisema Mama Vifungo.

"Ee, pengine."

"Wewe wa kwako ungemlaza na hiyo pengine?"

Mdogo mtu akauachia mkono.

Simu ya mama mfua nguo haikupatikana. Akapiga mara ya pili, ya tatu. Akampigia mwenyekiti, na mwenyekiti akapokea kwa furaha, kumbe ndiyo kwanza anakula. Akasema yule mama alitoka kwenye foleni zamani, moyo umetulia, akaona bora ampeleke mtoto kwa bibi yake akapumzike. Basi la saa sita. Safari ya siku nzima. Simu yake ilikuwa haina chaji tangu hospitali.

Mama Vifungo akamweleza. Kwa ufupi, bila kumtaja shemeji, kwamba mbwa siye, kwamba aliyeuma hana chanjo na anaumwa, mtoto arudishwe leo hii.

Mwenyekiti alitafuna, akameza. Akasema mtaa ndiyo kwanza umetulia. Yeye mwenyewe amesimama mbele ya watu akasoma kadi kwa sauti, sasa arudi kuwaambia nini, kwamba amewadanganya? Kesho atalipeleka kwenye kikao. Kesho, mama, tusiharakishe mambo. Akakata.

Akaandika mwenyewe kwenye kundi la mtaa. Aliandika vizuri, maneno yote, kwamba picha imegeuzwa, kwamba mbwa wa hatari bado yuko nje, kwamba mtoto yuko hatarini. Wa kwanza kujibu aliweka kikatuni cha mbwa anayelia. Wa pili akaandika: mama, tumeshakuachia mbwa wako, unataka tumpe na cheo? Wa tatu akauliza bei ya sare za shule.

Unaona? Uongo ulikuwa na sura, na sikio, na maandishi mekundu. Ulikuwa umeshafika miji mitatu, watu wanautumiana mpaka na mashemeji zao wa mbali. Ukweli ulikuwa maneno matupu kutoka kwa mwanamke anayejulikana anampenda mbwa wake. Watu wanne waliufungua.

Alitembea chumba kile kutoka cherehani mpaka kioo, kioo mpaka mlango. Karani akamfuata kila hatua, kucha zikigonga sakafu. Saa nane kasoro dakika kumi. Basi limeshapita mizani, linaacha lami.

Kisha akasimama mbele ya shemeji yake, simu mkononi.

"Usiinuke," alisema. "Vaa kofia."

Shemeji akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa amelala kifudifudi juu ya rundo la mashati, mabega yanatikisika.

"Shemeji, nikipigwa picha hiyo mimi nimekwisha."

"Najua."

"Na yeye amekwisha. Mdogo wako."

"Yeye ana kwangu. Yule mtoto ana nini?"

Pale ndipo Karani alipofanya analofanya kila siku na mtu aliyekaa kwenye kigoda kile. Alimwendea, akamtazama juu mpaka chini, sare, kofia, vifungo. Akaegemeza ubavu kwenye goti lake, akakaa. Sikio jeupe upande wake wa kushoto, mahali Mungu alipoliweka.

Mkuu wa walinzi akaweka kiganja juu ya kichwa cha mbwa aliyemwuza asubuhi. Akavaa kofia kwa mkono mwingine, akainyoosha.

"Piga," alisema.

Akapiga. Na shemeji akaandika kwa mkono wake, herufi moja moja, maana alikataa kuandikiwa:

"Mimi ndiye niliyetuma picha ya asubuhi. Huyu hapa kando yangu hakumuuma mtu, niliiba picha yake nikaigeuza. Mbwa aliyemuuma mtoto ni wa ghala la saruji, ninapolinda mimi. Ni mkubwa, wa kahawia, hana chanjo, anaumwa, na yuko nje bila mnyororo. Mama wa mtoto yuko ndani ya basi lililoondoka saa sita, simu imezima, kabeba beseni la bluu. Aliye ndani ya basi hilo amwambie ashuke hospitali yoyote ya njiani, mtoto achomwe leo. Asingoje kidonda kibadilike."

Ikatoka saa nane na dakika mbili. Wakakaa watatu, na mbwa wa nne, wakiitazama ile simu mezani kati ya chaki na mkasi.

Mtu mmoja aliifungua. Wawili. Saba. Hakuna aliyeituma mbele. Kwenye basi lile kulikuwa na abiria sitini na simu zao, na karibu wote walikuwa na picha ya asubuhi, walikuwa wameshaonyeshana na kutikisa vichwa, huku mtoto mwenyewe amelala mapajani mwa mama yake, kiti cha nyuma, joto limeanza kumpanda.

Sasa nakuuliza wewe uliyeshika gazeti. Asubuhi ulikuwa na kasi. Thelathini kwa pumzi moja. Saa nane mchana kidole kimekuwa kizito, unasema ngoja nihakikishe, ngoja nione wengine, haya mambo ya watu. Asubuhi hukungoja.

Basi sikwambii kama lile basi lilisimama. Sikwambii leo. Weka gazeti chini, chukua simu yako, rudi nyuma mpaka kwenye picha ya mwisho uliyoituma bila kumjua mwenyewe. Ipo. Iwe ya mbwa, iwe ya nyumba, iwe ya binti wa mtu. Waandikie watu wale wale uliowatumia, wote, mmoja asibaki: nilituma, sikujua, futeni. Halafu mtafute mwenye picha umwombe radhi kwa jina lako kamili.

Fanya sasa, umesimama hapo hapo. Mtoto yuko njiani na basi linakwenda.